Tairi Linarudi Kwao

Kwenye soko lolote kubwa, iwe Kongowea au Gikomba, haukosi pikipiki ya magurudumu matatu iliyolemewa na magunia ya viazi. Ukiinama uangalie nyuma, kuna siku utakuta matairi yaliyovuliwa kwenye gari dogo. Kuna watu hucheka wakiona hivyo, ati jua kali hiyo. Lakini ukiifuata historia ya tairi utaona kwamba pikipiki haijaazima kitu cha gari. Gari ndilo lililoazima kwanza.

Turudi 1888, mjini Belfast. John Boyd Dunlop, Mskoti aliyekuwa daktari wa mifugo, alikuwa na mtoto wa kiume mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Magurudumu ya wakati huo yalikuwa magumu, na barabara za mawe zilimrusharusha mtoto. Dunlop akafunga mpira uliojazwa hewa kwenye magurudumu, na baiskeli ikawa nyepesi kuendesha. Akaandikisha hataza mwaka huohuo. Baadaye ikajulikana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alishaandikisha wazo hilo miaka ya 1840, na hataza ya Dunlop ikafutwa. Lakini Thomson alikuja mapema mno, enzi ya farasi. La Dunlop ndilo lililoshika soko, na lilianza kwenye kitu cha magurudumu matatu.

Gari lenyewe je? Lile Karl Benz aliloandikisha Januari 1886 nalo lilikuwa na magurudumu matatu, yenye mpira mgumu usio na hewa. Ilibidi ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliokuwa wakitengeneza matairi ya baiskeli, waingize gari lenye matairi ya hewa kwenye mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, mwaka 1895. Walipata pancha nyingi sana, lakini dunia ikaona kwamba inawezekana.

Sasa swali ambalo matangazo ya matairi hayaulizi: mpira wote huo ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Kongo, ambayo kati ya 1885 na 1908 ilikuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kadiri baiskeli na magari yalivyoongezeka Ulaya, ndivyo wanavijiji walivyosukumwa msituni kugema utomvu wa mitambaazi. Kijiji kikishindwa kufikisha kiasi kilichotakiwa, wake za watu walishikwa mateka, wengine walipigwa risasi, wengine wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya 1904 iliyaweka haya kwenye maandishi ya serikali ya Uingereza. Kwa hiyo Afrika haikuingia kwenye hadithi ya tairi juzi, na mitumba ya Japani. Ilikuwemo tangu mwanzo, na ililipa bei kubwa kuliko wote.

Magurudumu matatu yalirudi kwa kishindo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Italia ilikuwa imevunjika, watu hawana pesa za gari. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa Piaggio, alikuwa ameshabuni Vespa, yaani nyigu, mwaka 1946. Muda si mrefu ikafuata Ape, yaani nyuki, ya magurudumu matatu, ya kubeba mizigo. Kampuni ya Bajaj ya India ikaja kupata leseni ya Piaggio, na mjukuu wa nyuki huyo ndiye tuktuk tunayopanda Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Mafundi wanaofunga tairi la gari kwenye mashine hizi wana sababu. Pikipiki ya magurudumu mawili hulala ikipiga kona, ndo maana tairi lake ni la mviringo. Ya magurudumu matatu hailali. Ukiifunga tairi la mviringo, linagusa lami katikati tu, na linaisha hapohapo. La gari ni bapa, linagusa kwa upana wake wote. Tena lilitengenezwa kubeba uzito.

Lakini tairi likiongezewa nguvu, vingine havijaongezewa. Ekseli ni ileile, fremu ni ileile, breki ni zilezile. Tairi kubwa zaidi hufanya injini ihangaike mlimani, na breki pia hupungua nguvu ya kuzuia mzigo. Halafu kuna umri. Soma ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umezeeka.

Kiwanda cha Sameer Africa cha Nairobi, kilichoanza kama Firestone, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Sisi hatukuacha kuyatumia upya: akala, mkokoteni, na sasa pikipiki ya mizigo. Ujuzi huo ni wetu na si wa kuchekwa. Ila Dunlop alijaribu tairi lake kwenye baiskeli ya mtoto, uzito mdogo, mwendo mdogo. Hapa jaribio linafanyika barabara kuu, saa kumi na moja alfajiri, na juu ya magunia kuna mama mboga ameketi.