Renjifainda: Kamera ya zamani isiyo na kelele, na jinsi ya kumfikishia mtu picha yake

Ukikuta kamera ndogo ya chuma kwenye sanduku la marehemu babu, usiitupe. Ichungulie dirishani huku ukizungusha lenzi. Ukiona taswira ya pili katikati inasogea, basi hiyo ni renjifainda.

Kamera hii haichungulii kupitia lenzi. Ina vidirisha viwili vinavyotazama kitu kilekile kutoka pembe tofauti kidogo. Katikati ya dirisha unaona mtu amekuwa wawili kama mzimu. Unazungusha lenzi hadi hao wawili wawe mmoja, hapo picha itatoka kali. Basi, hakuna mengine.

Leica II na Contax za Ujerumani zilikuwa na kipimo hiki ndani yake tangu 1932. Leica M3 ikaja 1954. Wajapani ndio walioishusha bei ikafika kwa watu wa kawaida: Canonet ya 1961, kisha Yashica Electro 35 ya 1966. Ya kwanza ya kidijitali, Epson R-D1, ilitoka 2004.

Kwa nini inafaa safarini

Haina kioo kinachoruka ndani, kwa hiyo mlio wake ni mdogo. Mtu anayepiga picha Ndalambo, wilayani Momba, anaweza kupiga mama anayeanika mahindi au vijana wa bodaboda wakipiga soga bila kila mtu kugeuka na kukaa mkao wa picha ya kitambulisho.

Kasoro nazo zipo. Nyingi haziwezi kupiga karibu zaidi ya sentimita 70 hadi mita moja, kwa hiyo sahau picha ya ua au ya sahani ya wali. Na kwa kuwa huchungulii kupitia lenzi, unaweza kumaliza mkanda mzima wa picha 36 kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi. Hili limewakuta wengi kuliko wanaokubali.

Betri ni suala jingine. Yashica Electro 35 ilitumia betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. Bila betri inabaki na mwendo mmoja tu wa haraka. Leica M3 haihitaji betri kabisa. Kama kipima mwanga kimekufa, jua kali la mchana lina kanuni yake: filamu ya ISO 100, tundu f/16, mwendo wa 1/125 au ulio karibu na huo. Kivulini fungua tundu zaidi. Usiache filamu kwenye dashibodi ya basi la Sumbawanga, joto huiharibu.

Omba kwanza

Mzee aliyekaa kivulini anapewa shikamoo kwanza, kamera baadaye. Akikataa, imeisha. Kamera isiyo na kelele si ruhusa ya kuiba sura ya mtu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Ukitaka kuiweka kwenye tangazo la biashara, ridhaa yake ni ya lazima, tena afadhali ya maandishi.

Tunduma ni habari nyingine. Foleni ya malori yanayokwenda Zambia inavutia macho, lakini ofisi za mpakani, vituo vya polisi na maeneo ya jeshi si mahali pa kuinua kamera bila kibali. "Nilikuwa najaribu lenzi" haiwezi kukuokoa.

Kuitoa kwenye filamu

Filamu ikishasafishwa, huhitaji skana. Washa simu ya pili iwe na skrini nyeupe tupu, inua negativu sentimita chache juu yake kwa kipande cha kioo ili nukta za skrini zisionekane, kisha ipige picha kwa simu yako. Programu ya kuhariri picha itageuza rangi.

Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili. Na kwa mtu asiye na simu janja, chapisha nakala moja umpelekee. Wapiga picha wengi huahidi hivyo wakiondoka, halafu kimya, na mwenye sura haijui picha yake mpaka leo.

Negativu zenyewe zitunzwe pakavu, zikiwa na jina la mahali na mwaka. Picha za Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa akiripoti vita vya Biafra mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa kwenye gereji Nairobi kabla ya kupatikana. Zake zilibahatika. Boksi lisiloandikwa kitu huishia jalalani siku nyumba inapohamwa.