Niobi na Tantali: Kosa Lililodumu Zaidi ya Nusu Karne

Mnamo Novemba 1801, Charles Hatchett alisoma mbele ya Royal Society ya London taarifa kuhusu jiwe jeusi, zito, lililotoka New England nchini Marekani na kukaa miaka mingi katika makabati ya British Museum. Ndani ya jiwe hilo alikuta oksidi ya metali ambayo hakuna aliyewahi kuieleza, akaiita metali hiyo kolumbi. Mwaka uliofuata Anders Ekeberg wa Uppsala, Sweden, alipata metali nyingine katika mawe ya Finland na ya Sweden kwenyewe. Oksidi yake ilikataa kuyeyuka hata ilipozamishwa katika asidi, ndipo akaipa jina la tantali, kutokana na Tantalus wa ngano za Kigiriki, yule aliyesimama majini na kiu yake asiweze kunywa. Mwaka 1809 William Wollaston alipima sampuli za pande zote mbili akatoa hukumu: kolumbi na tantali ni metali moja. Haikuwa kweli, lakini wanakemia wengi wa Ulaya waliipokea, na ilichukua zaidi ya nusu karne kuiondoa kabisa.

Wepesi wa kulaumu wangesema Wollaston alifanya kazi ovyo. Ushahidi unakataa. Huyu ndiye mtu aliyegundua paladi na rodi kwa kuzitoa ndani ya mawe ya platini, kazi inayodai mkono mtulivu na jicho kali. Tena aliona kwamba mawe yale mawili hayakulingana: moja lilikuwa na densiti ya karibu 6, jingine karibu 8. Alichokosa ni tofauti ya kikemia. Kila asidi aliyoijaribu, kila chumvi aliyoitengeneza, ilimpa jibu lilelile kwa pande zote mbili, na mwanakemia wa wakati ule hakuwa na shahidi mkubwa kuliko huyo. Hoja yangu ni kwamba kosa hili halikutoka kwa mtu. Lilitoka mahali zilipokaa elementi hizi mbili katika jedwali la elementi, jedwali ambalo Wollaston, aliyefariki mwaka 1828, hakuishi kuliona.

Tazama jinsi hata waliokuja kumsahihisha walivyojikwaa. Mwaka 1844 Heinrich Rose wa Berlin alitangaza kwamba ndani ya mawe hayo mna metali mbili. Ile ya pili, ambayo ndiyo kolumbi ya Hatchett, aliiita niobi, kutokana na Niobe binti Tantalus. Hapo alikuwa sahihi. Ila baadaye kidogo aliongeza ya tatu, pelopi, nayo haikuwapo: ilikuwa mchanganyiko wa zile mbili. Aliyemaliza kesi ni Jean Charles Galissard de Marignac wa Geneva, mwaka 1866. Alizigeuza metali hizo kuwa chumvi za floridi pamoja na potasi, kisha akaacha maji yaamue: chumvi ya tantali huyeyuka kwa shida, hivyo hutangulia kuganda, na ile ya niobi hubaki katika maji. Tofauti ni ndogo, lakini ukirudia mara nyingi inatosha. Viwanda viliendelea kuitegemea njia hiyo hadi katikati ya karne ya 20, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kupata nyingine iliyo bora.

Miaka mitatu baada ya Marignac, Dmitri Mendeleev alichapisha jedwali lake huko St Petersburg. Humo vanadi yenye uzito wa 51, niobi yenye 94 na tantali yenye 182 zimepangwa pamoja kama jamaa. Hapa mpinzani ana haki ya kusema: basi jedwali halikusaidia lolote, kwa kuwa metali zilikuwa zimeshatenganishwa, tena, kufanana kwa jamaa wa kundi moja si habari. Sehemu ya kwanza ya pingamizi naikubali. Mendeleev ndiye aliyekuwa na deni kwa Marignac, maana uzito unaopimwa kwenye mchanganyiko usingeangukia mahali popote pa maana. Sehemu ya pili siikubali. Sodi na potasi nazo ni za kundi moja, zinafanana sana kwa tabia, na bado Humphry Davy alizitoa zote mbili mwaka 1807, kwa tofauti ya siku chache tu, bila kuzichanganya. Kwa hiyo udugu wa kundi peke yake hautoshi kueleza yaliyompata Wollaston.

Kinachoeleza ni ukubwa wa atomi. Kanuni tunayofundishwa shuleni ni kwamba ukishuka ndani ya kundi, atomi huongezeka ukubwa, kwa sababu kila kipindi huongeza ganda jipya la elektroni. Kutoka vanadi kwenda niobi kanuni inashika. Kutoka niobi kwenda tantali inasimama: ioni za metali hizi mbili, kila moja ikiwa imepoteza elektroni tano, zina nusu kipenyo kilekile cha pikomita 64 hivi, ingawa atomi ya tantali ina uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa niobi. Sababu ni kwamba kati yao kipindi cha sita kimepitisha elementi 14, kuanzia seri hadi luteti. Katika safari hiyo kiini cha atomi kinaongezewa protoni 14, na elektroni 14 zinazoingia kwa ndani hazina uwezo mzuri wa kukinga mvuto wake. Elektroni za nje zinavutwa ndani, na ongezeko la ukubwa lililotarajiwa linafutika. Ioni mbili zenye chaji moja na ukubwa mmoja zinaingia katika fuwele zilezile na kujibu asidi kwa namna ileile. Densiti peke yake ndiyo iliyosema kweli, kwa kuwa uzito haukufutika: niobi tupu ina densiti ya 8.6, tantali 16.7.

Je, haya si maelezo ya kutungwa baada ya tukio? Shuku hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuangalia safu ya jirani. Zirkoni imekaa kushoto kwa niobi, na chini yake, mahali namba 72, palikuwa wazi. Iwapo maelezo ni sahihi, elementi ya hapo lazima iwe imejificha ndani ya zirkoni, si kwingineko. Dirk Coster na George de Hevesy, wakifanya kazi Copenhagen karibu na Niels Bohr, waliitafuta humo kwa eksirei, wakatangaza mwaka 1923 kuwa wameipata. Ni hafni. Wanakemia walikuwa wameishika mikononi kwa zaidi ya karne, tangu zirkoni ilipotambuliwa mwaka 1789, bila kuijua.

Dunia yenyewe imeshindwa kutenganisha kile alichoshindwa Wollaston. Katika milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, na ng'ambo nchini Rwanda, wachimbaji huchota madini yaitwayo koltani, jina lililounganisha kolumbiti na tantaliti, kwa kuwa metali zote mbili zimo katika fuwele moja. Soko la kapasita za simu na kompyuta linahitaji tantali, kwa hiyo bei ya gunia hufuata asilimia ya oksidi ya tantali iliyomo. Wanunuzi huipima kwa kifaa cha eksirei kinachoshikwa mkononi, kilichojengwa juu ya kanuni aliyoigundua Henry Moseley mwaka 1913: kila elementi hutoa eksirei yake kulingana na namba yake katika jedwali, 41 kwa niobi na 73 kwa tantali. Jibu huonekana kabla ya dakika kwisha.