Lugha Ndogo Ndani ya Lugha Kubwa: Bweni na Mipaka ya Utafiti Wetu

Herman Batibo alianza na Kisukuma, lugha ya jamii yenye wasemaji wengi kuliko nyingine yoyote nchini Tanzania, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuchunguza lugha zinazofifia. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye Chuo Kikuu cha Botswana, na kote huko alishikilia hoja moja. Aliitumia katika makala yake ya 1992 kuhusu hatima ya lugha za makabila ya Tanzania, na akaipanua katika kitabu chake cha 2005 juu ya kudhoofika na kufa kwa lugha barani Afrika: lugha ndogo za Afrika humezwa kwanza na lugha kubwa za Kiafrika zilizo jirani, kabla ya Kiingereza au Kifaransa kuzifikia. Kwa Tanzania, lugha hiyo kubwa ni Kiswahili.

Naikubali hoja hiyo. Lakini ukiipeleka Bweni inakwama, na hapo ndipo penye deni la taaluma yetu.

Bweni iko kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Mafia, upande wa mnara wa taa wa Ras Mkumbi. Wenyeji huishi kwa uvuvi na minazi, na wanawake husuka ukili. Kiswahili hakikuletwa huko na shule wala redio. Ndicho kilichowalea mababu. Hata hivyo, si Kiswahili cha vitabuni. Lahaja ya Mafia hujulikana kwa wanaisimu kama Kingome, na Ahmadi Kipacha ni miongoni mwa wachache walioiandikia. Sasa chukua mpangilio wa lugha tatu alioueleza M. H. Abdulaziz Mkilifi mwaka 1972: lugha ya nyumbani chini, Kiswahili katikati, Kiingereza juu. Mtoto wa Bweni tumweke ngazi gani? Kwa kuwa lugha ya mama yake na lugha ya darasani zina jina moja, tunadhani amezaliwa tayari yuko ngazi ya kati. Mwanafunzi wa Magu, Usukumani, akiteleza katika Kiswahili, mwalimu anaelewa kwamba nyuma yake ipo lugha nyingine. Wa Bweni akiandika kama wanavyosema kwao, anahesabiwa amekosea lugha yake mwenyewe, na daftari linarudi na alama nyekundu.

Kwa sababu hiyo lahaja hupotea bila kuonekana. Anayeacha Kisukuma na kushika Kiswahili amevuka mpaka ambao mtafiti anaweza kuuona na kuuhesabu. Anayeacha Kingome hajavuka mpaka wowote unaoonekana kwenye takwimu: jana alisema Kiswahili, leo anasema Kiswahili. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilayani Mafia, lakini haikuwauliza wanazungumza nini nyumbani. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, umetuachia kazi za thamani kubwa, zikiwemo Atlasi ya 2009 na kamusi za lugha kadhaa, lakini hesabu yake ilikuwa ya lugha. Sera ya Utamaduni ya 1997 nayo inahimiza lugha za jamii ziandikwe na kuchapishwa, na kila anayeisoma huelewa kwamba zinazosemwa ni lugha za makabila.

Haikuwa hivi siku zote. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini Kamati hiyohiyo ndiyo iliyochapisha uchunguzi wa W. H. Whiteley kuhusu Kimtang'ata mwaka 1956 na Kipemba mwaka 1958. Aliyesanifisha aliona ni wajibu wake pia kurekodi.

Upande wa Zanzibar kazi hiyo imeendelea, na Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) limetoa kamusi za Kipemba, Kitumbatu na lahaja ya Makunduchi. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulipoipeleka kwa Wajerumani. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na kwa mambo ya lugha iko chini ya BAKITA, chombo kilichoundwa mwaka 1967 kukuza Kiswahili cha taifa. Mpaka uliochorwa na madola mawili ya Ulaya ndio unaoamua hadi leo ni wavuvi gani watapata kamusi ya maneno yao.

Wapo watakaosema kwamba kuitetea lahaja ni kumfungia mtoto mlango wa ajira. Mtoto wa Bweni anakihitaji Kiswahili sanifu, na atafanya mtihani kwa hicho. Sipingi hata kidogo. Ninachodai ni kwamba mwalimu wake afundishwe chuoni kutofautisha kosa na lahaja, na kwamba Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iwatume wanafunzi wa uzamili kaskazini mwa Mafia wakiwa na vinasa sauti. Waanze na minazi. Kamusi zetu zina kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, lakini mkwezi ana msamiati mpana zaidi wa hatua, kasoro na matumizi, na wanaoumiliki kikamilifu ni wazee. Waendelee na pepo, mitego na vyombo vya baharini, kisha sarufi ya mazungumzo ya kawaida, hasa viambishi vya nafsi na njeo, ambako lahaja za visiwani hutofautiana sana na sanifu. Kazi hiyo inahitaji wazungumzaji walio hai, na ndiyo maana haiwezi kusubiri awamu nyingine ya ufadhili.