Malaika wa Chuma

Leo twende Gateshead, kaskazini ya Uingereza. Baraza la mji huo lilianza kuweka sanamu mahali pa wazi katika miaka ya 1980, wakati migodi ikifungwa na watu wakikosa kazi. Baadaye likataka Malaika wa Kaskazini, kazi ya Antony Gormley: kimo mita 20, mabawa mita 54, tani 200 za chuma. Gharama yake pauni 800,000, nyingi zikiwa za bahati nasibu ya taifa. Je, wewe ungekubali? Wengi walikataa kabisa. Hata hivyo, Februari 1998 akasimamishwa palipokuwa bafu za wachimba makaa. Mwezi wa Mei, mashabiki wa mpira wakamvika jezi kubwa ya Alan Shearer.