Pedi ya shilingi 1,200: historia yake, na kama inafaa

Leo tunaiweka mezani pedi ya kuchezea gemu kwenye kompyuta, ile ya bei ya chini kabisa, yenye waya wa USB na isiyo na jina la kueleweka. Hii yangu niliinunua kwenye kibanda hapa Voi kwa shilingi 1,200, na nimeitumia miezi miwili. Sitaipa nyota. Nataka tuiangalie kihistoria, kwa sababu karibu kila uzuri na kila udhaifu wake ulitokana na uamuzi wa watu wengine miaka mingi iliyopita. Ukiijua historia hiyo, hutatapeliwa, wala hutatupa kitu kizima ukidhani ni kibovu.

Kwa nini nasema kutupa? Kijana wa jirani yangu alibeba magunia sokoni likizo nzima ya Agosti ili apate pesa ya pedi kama hii. Akaichomeka, na gemu yake mpya ya magari ikakaa kimya kana kwamba hakuna kitu. "Mjomba, wameniuzia mbovu," akaniambia. Tukaijaribu kwenye gemu ya zamani ya mpira: ikacheza bila shida! Pedi ni ileile, kompyuta ni ileile. Jibu liko kwenye historia.

Tuanze mwaka 1981, IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC. Kulikuwa na kadi ya kuongeza, yenye tundu la pini 15, ya kuchomeka vijiti vya kuchezea. Tundu zima lilisoma mielekeo minne na vitufe vinne tu, basi. Ndani ya kijiti mlikuwa na kipande kinachobadilisha ukinzani wa umeme unapokisukuma, na kompyuta yenyewe ilipima muda ili ijue kijiti kimefika wapi. Ilikuwa kazi ya kuchosha prosesa. Mwaka 1989 kadi ya sauti ya Sound Blaster ikaja na tundu hilo hilo, na hivyo likaenea kwenye kompyuta nyingi za nyumbani.

Umbo la pedi halikutoka kwa IBM, lilitoka Japani. Ule msalaba wa kidole gumba cha kushoto ulibuniwa na Gunpei Yokoi wa Nintendo, ukaonekana mwaka 1982 kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong, kisha mwaka 1983 kwenye Famicom. Mwaka 1997 Sony ikaongeza vijiti viwili kwenye pedi ya PlayStation. Tazama pedi yoyote ya bei nafuu Voi, Mwatate au Taveta: ni mwili wa PlayStation ya 1997. Hata kile kitufe cha katikati chenye taa nyekundu ni urithi wa wakati huo. Gemu za zamani hazikuvijua vijiti, kwa hiyo mchezaji alihitaji njia ya kuvizima. Kwenye hii yangu, taa ikizimika, kijiti cha kushoto kinafanya kazi ya msalaba. Usidhani kimeharibika, bonyeza tena.

Kisha ikaja USB, mwaka 1996. Hapa kifaa kilianza kujieleza chenyewe kwa kompyuta: "Nina vitufe 12, nina vijiti viwili." Kwenye Windows, gemu zilisoma maelezo hayo kupitia DirectInput. Ila DirectInput haikujua kitufe cha 3 ni cha kupiga shuti au cha kupasi. Ilikuwa juu ya mchezaji kwenda kwenye mipangilio na kuchagua kimoja kimoja. Gemu za kompyuta kama GTA San Andreas (2005) na Pro Evolution Soccer 6 (2006) ni za enzi hiyo. Ni enzi hiyo hiyo Mkenya Wesley Kirinya alipotoa The Adventures of Nyangi (2007), gemu ya kompyuta ya 3D.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwishoni mwa 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360 na, kwa upande wa Windows, njia mpya iitwayo XInput. Humo kila kitufe kina jina na mahali pake maalumu: A, B, X, Y, vijiti viwili, na vifyatuo viwili vinavyopima umevibonyeza kiasi gani. Mimi kama mwandishi wa programu nawaelewa walioikimbilia, maana huhitaji tena kumsumbua mchezaji apange vitufe. Lakini watunzi wengi wa gemu waliacha kabisa kuitazama DirectInput. Pedi inayozungumza lugha ya zamani tu ikawa kama mgeni anayebisha hodi nyumba ambayo mlango umehamishwa upande wa pili. Hilo ndilo lililompata kijana wetu.

Dawa ipo. Baadhi ya pedi hubadilisha lugha ukishikilia kitufe cha katikati kwa sekunde kadhaa. Zisizoweza, kuna programu ya bure ya x360ce inayotafsiri. Steam nayo, tangu Valve ilipotoa pedi yake mwaka 2015, ilianza kutafsiri vitufe, na baadaye ikazikubali pedi za kawaida. Ya kijana tuliitengeneza kwa njia hiyo ya Steam, na gari likaondoka.

Jambo moja historia haikulitatua kwa bei hii: vijiti. Bado ni vya ukinzani, jamaa wa vile vya 1981, ambapo kipande cha chuma husugua njia ya kaboni. Kinachakaa, na vumbi likiingia kinachakaa haraka zaidi. Nasi Voi tunalijua vumbi, hili jekundu linalowapaka rangi hata ndovu wa Tsavo! Nilipima kwa programu ya jstest kwenye Linux, ambayo kipimo chake kinafika 32,767 kila upande. Pedi ilipokuwa mpya kijiti kilitulia kwenye 0. Sasa kinatulia karibu na 2,600, yaani kama asilimia 8. Bado gemu nyingi zinaweza kupuuza kiasi hicho, lakini mwelekeo ni mmoja. Vijiti vya sumaku, visivyosuguana, vinatumia kanuni iliyogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879, na Sega ilivitumia kwenye Dreamcast mwaka 1998. Siku hizi vinapatikana kwenye pedi za bei ya kati. Ukiishi bondeni penye vumbi, ongeza pesa kidogo ukiweza. Usipoweza, ifunge pedi kwenye mfuko wa nailoni ukimaliza kucheza.

Hukumu yangu: kwa mpira, mapigano na gemu za kuruka-ruka, shilingi 1,200 ni halali. Kwa mbio za magari, hapana, kwa sababu vifyatuo vya hii yangu ni vitufe vya kuwasha na kuzima tu. Gari linaenda kasi yote au halina kasi kabisa.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yenye Windows, uandike joy.cpl kwenye Run. Kisha:

1. Zungusha kila kijiti, uachilie. Alama irudi katikati.
2. Bonyeza kifyatuo polepole. Je, kinapima, au kinawaka tu?
3. Shikilia kitufe cha katikati uone kama jina la pedi linabadilika. Likibadilika na kuwa la Xbox 360, umepata lugha zote mbili.

Dakika tatu zinatosha. Akikataa kuichomeka, nenda kibanda kingine. Haya, mchezo mwema!