Programu za tarakilishi kutoka ng'ambo: Namna ya kulipa na kupokea

KUNUNUA programu ya tarakilishi kutoka nchi ya mbali ni biashara ya kuaminiana. Mnunuzi hutoa pesa kabla hajaiona bidhaa, naye muuzaji yuko maelfu ya kilomita mbali, chini ya sheria za nchi nyingine.

Kwa sababu hiyo, bei iliyo kwenye tangazo huwa ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine hutokana na safari mbili: ya pesa kwenda na ya programu kuja.

Chanzo cha biashara

Biashara hii ilishamiri katika miaka ya 1980 na 1990, tarakilishi ndogo zilipoingia afisini na majumbani. Mnamo 1982, Wamarekani wawili, Andrew Fluegelman na Jim Knopf, walianza kusambaza programu zao, PC-Talk na PC-File, kwa utaratibu mpya.

Mtu aliruhusiwa kuinakili programu na kuijaribu. Akiridhika nayo, aliombwa amtumie mtungaji malipo kwa posta.

Utaratibu huo uliigwa na wengi. Desemba 1993, kampuni ya id Software ilitoa bure sehemu ya kwanza ya mchezo wa Doom. Aliyezitaka sehemu mbili zilizosalia alilazimika kulipa, kisha kungoja disketi zake.

Njia za malipo

Kwa mteja wa Marekani, kulipa kulikuwa kuandika hundi na kubandika stempu. Kwa aliyekuwa Kenya, kikwazo cha kwanza kilikuwa dola zenyewe. Upatikanaji wake ulisimamiwa na sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni, ambayo masharti yake yalilegezwa hatua kwa hatua hadi ikafutwa Desemba 1995.

Hundi ya shilingi haikumfaa muuzaji wa ng'ambo. Hundi ya dola iliyotolewa na benki ilikubalika, lakini benki ya mnunuzi ilitoza ada ya kuitoa na ya muuzaji ikatoza nyingine ya kuipokea. Kwa programu ya Dola 20, ada hizo ziliweza kuikaribia bei yenyewe.

Wapo waliotia noti ndani ya bahasha. Njia hiyo ilikuwa rahisi lakini ya hatari, kwani bahasha ikipotea mtumaji hubaki bila ushahidi kwamba alilipa.

Kadi ya mkopo iliondoa matatizo mengi, ingawa Wakenya waliokuwa nayo walikuwa wachache. Nambari yake iliandikwa kwenye fomu na kutumwa kwa posta au faksi, na yeyote aliyeiona njiani angeweza kuitumia vibaya.

Hali imebadilika sana. M-Pesa ilianzishwa Machi 2007 kwa malipo ya humu nchini, na mnamo 2018 ikaunganishwa na huduma ya PayPal. Juni 2022, Safaricom na Visa zilizindua kadi isiyoshikika mkononi, inayomwezesha mteja kulipa wauzaji wa ng'ambo moja kwa moja kutoka akaunti yake ya M-Pesa.

Kupokea mzigo

Programu inayotumwa kwa posta huja katika diski, pamoja na kitabu cha maelezo na nambari ya leseni. Nchini Kenya, mahali pake pa kufikia ni sanduku la posta. Kifurushi kisipoenea sandukuni, mwenyewe huachiwa kijikaratasi cha kumtaka afike kaunta na kitambulisho chake.

Kifurushi chenye bidhaa hubandikwa fomu ya forodha, CN22 kwa cha thamani ndogo na CN23 kwa cha thamani kubwa. Fomu hiyo hueleza kilichomo na thamani yake. Muuzaji akiandika "zawadi" ili kukwepa ushuru, huwa ametoa taarifa ya uongo, na mzigo unaweza kuzuiliwa.

Swali gumu kwa maafisa wa forodha lilikuwa hili: Je, kinachotozwa ushuru ni diski ya bei duni au programu ya bei ghali iliyomo? Mnamo Septemba 1984, kamati ya GATT ya ukadiriaji wa bidhaa iliziruhusu nchi kuhesabu thamani ya diski pekee, mradi bei yake itenganishwe na ya programu. Ndiyo maana ankara inayotaja bei hizo mbalimbali ina manufaa.

Kutoka diski hadi mtandao

Kwa miaka mingi posta ilishinda mtandao kwa kasi. Diski ya CD ya megabaiti 650 ingechukua takriban saa 26 kupakuliwa kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, tena laini ya simu isipokatika hata mara moja.

Nyaya za mawasiliano zilizozamishwa baharini zilipofika Mombasa mnamo 2009, mambo yaligeuka. Leo programu nyingi hupakuliwa, na anachopokea mnunuzi ni nambari ya leseni kwa barua pepe.

Hata hivyo, kutoweka kwa kifurushi hakukuondoa ushuru. Kenya hutoza ushuru wa ziada ya thamani, VAT, kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa na kampuni za kigeni, kwa kiwango cha asilimia 16. Mnunuzi achunguze iwapo bei aliyoonyeshwa imejumlisha ushuru huo.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kabla ya kulipa, ni vyema kuthibitisha mambo manne: kwamba leseni itafanya kazi nchini Kenya, kwamba programu inaafikiana na tarakilishi iliyopo, masharti ya kurudishiwa pesa, na kiwango ambacho benki hutumia kubadilisha shilingi.

Anayelipa kwa kadi ana kinga moja ambayo mtumaji wa noti hakuwa nayo. Bidhaa isipofika, anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo hayo, lakini muda wa kulalamika una kikomo.

Kwa hivyo, stakabadhi, ankara na nambari ya leseni zihifadhiwe mahali salama. Tarakilishi ikiharibika au kuibwa, programu inaweza kupakuliwa upya, lakini asiye na ushahidi wa malipo huenda akalazimika kuinunua mara ya pili.