Kwa nini mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa HIV pia

MKAZI wa Likoni anayefika zahanatini na kikohozi kilichomsumbua wiki mbili hutakiwa kutoa makohozi, kisha huulizwa iwapo yu tayari kupimwa virusi vya HIV. Wengi hushtuka. Wao wamekuja kutibiwa kifua. Habari za Ukimwi zimetoka wapi?

Jibu limo katika namna maradhi haya mawili yanavyosaidiana. Bakteria wa kifua kikuu, ambao Robert Koch alitangaza mjini Berlin mnamo Machi 24, 1882 kwamba amewagundua, huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kumdhuru mtu, kwa kuwa kinga imewadhibiti. HIV huivunja kinga hiyo. Ndipo anayeishi na virusi hivyo huwa katika hatari zaidi ya mara 10 ya kuugua kifua kikuu kuliko asiye navyo.

Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, lakini kwa miaka kadhaa huduma za maradhi haya ziliendelea kutolewa mbalimbali, kifua kwake na VCT kwake. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, kama walivyo wengi Changamwe na Kisauni, kuagizwa aende kituo cha pili ni sawa na kuambiwa apoteze ujira wa siku nyingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa sera ya kuunganisha huduma hizo mwaka 2004. Kenya ilianza mwaka uliofuata kuweka rekodi za upimaji wa HIV kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na kufikia 2008 zaidi ya asilimia 80 kati yao walikuwa wakipimwa.

Upimaji huenda pande zote mbili. Anayetumia ARV huulizwa kila anapohudhuria kliniki mambo manne: kikohozi, homa, kupungua uzani na kutokwa na jasho usiku. Maswali hayo yaonekana mepesi, lakini yana sababu. Kinga ikidhoofika sana, makohozi huwa na bakteria wachache na darubini huweza kuwakosa. Hata picha ya eksirei huweza kuonekana safi ilhali mgonjwa anazidi kudhoofika. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO Desemba 2010, imepunguza tatizo hilo, kwani hutambua vinasaba vya bakteria kwa muda wa saa mbili hivi na kuonyesha pia iwapo wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampicin.

Dawa hiyo yenyewe ni sababu nyingine ya tabibu kutaka kujua yote mawili. Rifampicin hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV zinazotumika sana, hivyo mgonjwa huimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asiyefichua kwamba anatumia ARV hujihatarisha pasipo kujua. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi sita, na aliyegunduliwa na HIV huanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili hivi, isipokuwa kifua kikuu kikiwa kimeshambulia utando wa ubongo, ambapo husubirishwa zaidi.

Hakuna anayelazimishwa. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu HIV na Ukimwi inakataza upimaji wa lazima na kulinda siri ya majibu. Akikataa kupimwa HIV, mgonjwa hatanyimwa dawa za kifua, ambazo katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Kinachowatisha wengi ni majirani. Katika nyumba za vyumba vya kupanga, anayekohoa na kukonda hukisiwa mara moja kuwa ana Ukimwi. Dhana hiyo ni potofu: utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wengi wa waliopatikana na kifua kikuu hawakuwa na HIV. Majirani hao wangefanya vyema zaidi kuuliza kuhusu watoto wa chumba hicho, maana walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa hupaswa kupelekwa kituoni wachunguzwe, hata kama hawakohoi.